Mwalimu wa Jumatano

Mwalimu Seok Myeong-ran hakuwa mtu wa kupekua madaftari ya watu. Miaka ishirini na miwili anaingia nyumba za watu hapa Daegu kufundisha kemia, mwanafunzi mmoja, meza moja, na hakuwahi kufungua ukurasa ambao hakuambiwa aufungue. Lakini siku ile ya Julai, likizo ya kiangazi ndiyo kwanza imeanza na nyenze wanapiga kelele nje utadhani wamelipwa, mwanafunzi wake Eun-sol alikwenda msalani na feni ikalifungua daftari yenyewe. Sasa feni ikishafungua, macho yafanye nini?

Aliona swali la boroni. Boroni iko ya aina mbili, moja uzito wake kumi, nyingine kumi na moja, na wastani wake ni kumi nukta nane. Swali linataka uwiano wa hizo mbili. Swali la kawaida kabisa. Yeye alikuwa amemfundisha Eun-sol kulifanya kwa mistari mitano: x huku, moja kutoa x kule, zidisha, jumlisha, tafuta. Hapa hapakuwa na x. Palikuwa na mstari mmoja umelala, ncha hii imeandikwa 10, ncha ile 11, na karibu na ncha ya kumi na moja kimechorwa kipembetatu chini yake. Umbali wa huku nukta nane, wa kule nukta mbili, umegeuzwa kichwa chini, moja kwa nne. Basi. Swali limekwisha. Ilikuwa ni ile bembea ya ubao, watoto wawili huku na huku, mzito anasogea karibu na katikati ili isipinduke.

Jibu lilikuwa sahihi. Hapo ndipo roho ilipoanza kumwuma.

"Nani huyu?" alijiuliza moyoni. Hakujiuliza "nini hiki", alijiuliza "nani". Kwa sababu njia ile haikuwa yake, na kwenye vitabu vya Eun-sol, ambavyo alivinunua yeye mwenyewe kimoja kimoja, haikuwamo. Mtu alikuwa amekaa kwenye kiti hiki hiki, labda na mto huu huu mgongoni, akamchorea mwanafunzi wa Myeong-ran bembea.

Eun-sol aliporudi alikuta daftari liko wazi na mwalimu analitazama. Akalivuta taratibu, akalifunga.

"Hayo ni ya kuchezea tu, Mwalimu."

"Sijasema kitu," alisema Myeong-ran.

Na kweli hakusema. Ila uso, jamani, uso ulisema yote, na mtoto aliusoma vizuri sana.

Sasa usije ukashangaa kwa nini hakuuliza tu, "Eun-sol, una mwalimu mwingine?" na mambo yakaishia hapo. Hapa hakuna anayeuliza hivyo. Mama akipata mwalimu mzuri anamficha kuliko dhahabu. Jirani akimuuliza mwanawe anasoma kwa nani, atajibiwa "aah, anasoma mwenyewe tu," na wote wawili wanajua ni uongo. Na mama akiongeza mwalimu wa pili, wa kwanza haambiwi. Mwalimu anayeuliza ni kama ameomba barua ya kufukuzwa. Mama atainamisha kichwa, atasema samahani mara tatu, na wiki inayofuata utapokea ujumbe kwamba mtoto amechoka anataka kupumzika kidogo. Myeong-ran alishapokea ujumbe wa namna hiyo mara mbili maishani, na hakutaka wa tatu, hasa usitoke nyumba hii.

Maana Eun-sol hakuwa mwanafunzi tu. Kemia ilikuwa imekimbiwa. Kwenye mtihani wa taifa ni maswali ishirini kwa dakika thelathini, na waliobaki kuifanya ni wale wenye akili za kutisha, kwa hiyo ukikosea mawili tu umeshaporomoka daraja. Watoto wenye busara zao walikuwa wanahamia sayansi ya dunia, mawingu na miamba, wakatulie. Mwaka juzi Myeong-ran alikuwa na wanafunzi saba. Mwaka huu watatu, na wawili kati yao wanasoma kwa sababu baba kasema. Tak Eun-sol peke yake ndiye aliyeipenda kemia kwa mapenzi yake. Huyu ndiye aliyempigia simu Jumapili mchana kumuuliza kwa nini maji ya tambi hufoka ukimwaga unga wa supu kabla ya tambi. Myeong-ran aliisimulia simu hiyo wiki nzima, mpaka mumewe akaomba poo. Mtoto huyu alitaka kuingia idara ya kemia chuoni, na mwisho wa Agosti angejiandikisha masomo yake ya mtihani wa taifa wa Novemba. Myeong-ran alimtaka awe wake. Wake peke yake, mpaka Novemba, na siku ya matokeo asiwepo mtu mwingine wa kusema "hata mimi nilichangia".

Kipindi kilipofika nusu, Mama Eun-sol alibisha mlango wa chumba kama kawaida, akaingia na sahani ya matikiti madogo ya njano, yamemenywa na kukatwa vizuri, na chai baridi ya shayiri.

"Mwalimu, joto hili! Kula, kula, usione haya."

"Unajisumbua bure, Mama Eun-sol."

"Kusumbuka nini! Halafu Mwalimu..." Mama alisita, akafuta mikono kwenye aproni ambayo ilikuwa kavu. "Kuanzia wiki ijayo, kile kipindi cha Jumatano, tunaweza kukipeleka Alhamisi? Jumatano kuna... kuna mambo kidogo."

"Mambo?"

"Mambo madogo tu." Na akatoka haraka, kaacha mlango wazi.

Myeong-ran alikirudisha kipande cha tikiti kwenye sahani. Mambo! Jumatano saa tisa alasiri, saa yake mwenyewe, kiti chake mwenyewe, wamempa mtu.

*

"Wewe unamwonea wivu mtoto wa watu kama mume," alisema Pyeon Suk-hyang.

Suk-hyang alikuwa mwalimu wa Kiingereza, naye wa nyumba kwa nyumba, mdogo wake Myeong-ran kwa miaka sita na mwenye mdomo mara kumi. Walikuwa wamekaa mkahawani ng'ambo ya geti la fleti za kina Eun-sol, Jumatano, saa nane na nusu mchana. Myeong-ran alisema wamekuja kwa ajili ya keki.

"Wivu gani? Ni kazi yangu. Nataka kujua kazi yangu inaharibiwa na nani."

"Dada, mumeo anakaa kazini Ulsan siku tano kwa wiki, hujawahi hata kunusa shati lake. Leo unalinda geti la watu kwa ajili ya kipembetatu."

"Mume wangu hana wa kumtaka."

Suk-hyang alicheka mpaka chai ikampalia. "Haya, tuseme yupo. Ni nani unayemfikiria?"

Myeong-ran alikuwa ameshamfikiria, tena amemshona mpaka vifungo. Kijana. Anasoma udaktari mwaka wa pili. Raba nyeupe, nywele zimeanguka usoni, kahawa yenye barafu mkononi. Anamwambia Eun-sol, "Aah, huyo mwalimu wako ni wa zamani, sisi siku hizi tunafanya hivi." Na Eun-sol anacheka. Hapo kwenye kucheka ndipo Myeong-ran alipokuwa akiamka usiku na kunywa maji.

"Yule pale," alisema ghafla, akamshika Suk-hyang mkono.

Kijana mmoja alikuwa anaingia getini, saa tisa imepita kidogo. Mkoba mgongoni, raba nyeupe, na, haki ya Mungu, kahawa yenye barafu mkononi.

"Dada, hizo fleti zina watu elfu mbili."

"Unaona anavyotembea? Anatembea kama mtu anayesubiriwa."

"Anatembea kama mtu mwenye joto! Hebu kula keki yako."

Keki hakuila. Alikaa mpaka kijana alipotoka, saa kumi na moja na dakika tano. Masaa mawili kasoro kidogo: ndiyo urefu wa kipindi, mtu asibishe. Tena alikuwa anatabasamu, shetani yule. Suk-hyang alikuwa ameshaondoka zamani, akimwachia maneno: "Ukitaka amani muulize mama. Hutaki kumuuliza, basi fumba macho ufundishe. Lakini usimtese mtoto, dada. Nakujua."

Angemsikiliza Suk-hyang, hadithi hii isingekuwepo.

*

Alhamisi zikaja. Eun-sol alikuwa anafanya maswali kwa mistari mitano mitano mbele ya mwalimu, kama alivyofundishwa, lakini Myeong-ran hakudanganyika. Aliona jinsi mtoto anavyonyamaza kidogo kabla ya kuandika x, jicho likienda pembeni mwa karatasi, kidole kikichora kitu kisichoonekana mezani, halafu ndiyo kalamu inaanza. Alikuwa anafanya bembea kichwani. Jibu analo tayari. Ile mistari mitano anaiandika kwa adabu tu, kama mtu anavyokula chakula cha mama mkwe.

Tena kasi ilikuwa imepanda. Mtihani wa majaribio walioufanya hapo mezani kwa saa ya kuhesabia, Eun-sol alimaliza maswali yote ishirini, amebakiza dakika mbili, kakosa moja. Mwalimu yeyote mwenye akili timamu angeruka juu. Myeong-ran alisahihisha kwa kalamu yake ya kijani na kila alama ya vyema aliyoiweka ilimchoma.

"Umeenda haraka," alisema.

"Nimeenda vibaya, Mwalimu?"

"Nimesema umeenda haraka."

Mwisho wa wiki ile mumewe alirudi kutoka Ulsan akamkuta mezani, karatasi zimetapakaa, wala hakupika.

"Unatunga mtihani?"

"Swali moja."

"Siku nzima swali moja?"

"Si swali la mchezo."

Na kweli halikuwa la mchezo. Myeong-ran alikuwa ameshaikalia ile bembea akaifahamu yote, na ameona pale inapoweza kumwangusha mtu. Bembea inahesabu vipande. Inakwambia chembe ngapi za hiki kwa chembe ngapi za kile. Haikwambii gramu. Ukiulizwa gramu, huna budi kuongeza mstari mmoja: chukua kila hesabu uizidishe kwa uzito wake. Mstari mmoja tu, mtoto kama Eun-sol akiambiwa leo hatausahau maisha yake yote. Na huyo wa Jumatano ama hakumwambia, ama bado hajafika hapo.

Basi akatunga. Chombo chenye pistoni, heli na oksijeni humo ndani, joto linapanda, pistoni inasogea, maneno mengi ya kumchosha mtu, na katikati ya mstari wa nne, kimya kimya, neno "gramu". Heli uzito wake nne, oksijeni thelathini na mbili, wastani wa mchanganyiko kumi na moja. Kwa bembea, umbali saba huku na ishirini na moja kule: tatu kwa moja. Hiyo tatu kwa moja akaiweka jibu namba mbili, imekaa vizuri, inameremeta. Jibu la kweli, tatu kwa nane, akalitupa namba nne. Akaisoma kazi yake akafurahi, halafu akaona aibu kidogo, halafu akalala.

Alhamisi alilitoa swali mwishoni, mtoto akiwa amechoka.

"Hili lifanye upendavyo," alisema. "Njia yoyote. Sitaki mistari mitano."

Eun-sol aliinua kichwa. Macho yake yaliwaka kwa namna ambayo Myeong-ran hakuiona tangu ile simu ya tambi.

"Njia yoyote kweli?"

"Yoyote."

Mtoto alichora bembea yake waziwazi kwa mara ya kwanza mbele ya mwalimu. Ilimchukua sekunde arobaini. Akazungushia namba mbili, akaisukuma karatasi mbele, anajizuia kutabasamu.

Myeong-ran akachora mkwaju wa kijani, alama ya kosa, juu yake.

"Siyo."

"Siyo? Subiri." Akachora tena. Akapata ile ile. "Mwalimu, mbona inatoka hii hii?"

"Kwa sababu njia yenyewe ni ya uongo."

"Ya uongo?"

"Inakupa jibu zuri siku ikipenda, siku nyingine inakutosa. Nani... mtu yeyote akikwambia kemia ina njia ya mkato, hakutakii mema. Siku ya Novemba uko peke yako pale, inakutosa, utamlilia nani?"

Alisema hivyo. Nayo ile "nani" alitaka imfikie yule kijana moja kwa moja kwenye raba zake. Hakusema neno "gramu". Hakusema "ongeza mstari mmoja". Alilichukua swali akalifanya kwa njia ndefu, x na y, mistari tisa, akafika tatu kwa nane, na akaliweka mbele ya mtoto.

Eun-sol aliitazama ile mistari tisa muda mrefu. Alikuwa hasomi.

"Sawa, Mwalimu," alisema.

Myeong-ran alitoka pale kifua mbele. Kwenye lifti alijitazama kiooni akajiona amepungua miaka. Kamrudisha! Alimpigia Suk-hyang simu kumwambia keki ya wiki hii analipa yeye.

*

Alhamisi iliyofuata, kidole hakikuchora kitu mezani. Mistari mitano, mitano, mitano, safi, imenyooka, kama alivyofundishwa tangu siku ya kwanza. Myeong-ran akafurahi. Walipoweka saa ya kuhesabia, dakika thelathini zikaisha Eun-sol yuko swali la kumi na tatu.

"Utazoea," alisema Myeong-ran. "Kasi itakuja."

"Ndiyo, Mwalimu."

Mara nyingine tena, kumi na mbili. Mtoto alikuwa anahakiki kila hatua mara mbili, anafuta, anaandika upya. Hakuuliza swali hata moja. Mwalimu mwenye macho angeona kwamba huyu hana imani tena na kichwa chake mwenyewe. Myeong-ran aliona mtoto mtiifu.

Alhamisi ya mwisho ya Agosti alipofika, Mama Eun-sol alimfungulia mlango akiwa amevaa nguo ya kutokea, na badala ya kumwelekeza chumbani akamkaribisha sebuleni. Mezani palikuwa na bahasha na boksi la zawadi lililofungwa kitambaa. Myeong-ran hakuhitaji kuambiwa.

"Mwalimu, sijui nianzie wapi," alisema Mama Eun-sol, akainamisha kichwa. Hiyo ya kwanza. "Samahani sana. Eun-sol jana amepeleka fomu shuleni. Ameacha kemia. Amechukua sayansi ya dunia." Akainamisha tena. "Anasema hawezi. Nimembembeleza, baba yake kambembeleza, anasema akili yake inamdanganya. Samahani, umehangaika naye miaka miwili."

Sasa hapo, mtu mwingine angelia. Myeong-ran alipandwa na kitu kingine. Aliona raba nyeupe.

"Ni yeye aliyemshauri," alisema.

"Nani?"

"Mama Eun-sol, mimi si mtoto. Mwezi na zaidi nimenyamaza. Huyo wenu wa Jumatano! Amemchanganya mtoto na vinjia vyake, halafu ameona maji yamezidi unga, anamwambia hamia kwenye mawingu. Mngeniambia! Ningekaa naye, ningemweleza kijana mwenyewe, kemia haifundishwi hivi!"

Mama Eun-sol alibaki mdomo wazi. Uso ukamwiva, mpaka masikioni.

"Mwalimu wa pili?" alisema polepole. "Mwalimu, sisi? Kukulipa wewe mmoja tu tunajibana. Jumatano..." akatazama chini. "Jumatano nilipata kibarua duka la vitoweo kule sokoni, nakatakata figili. Nikaona aibu. Mwalimu aje nyumbani, asikute mtu wa kumkatia hata tunda? Ndiyo nikaomba Alhamisi. Sikutaka kusema. Nisamehe."

Hiyo ya tatu. Lakini haikuwa ile Myeong-ran aliyoizoea.

"Sasa bembea..." alisema. "Ile njia ya mstari. Ile ya kipembetatu. Nani alimfundisha?"

"Hakuna aliyenifundisha."

Eun-sol alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba chake, na kaptura ya nyumbani, nywele kazibana juu. Haijulikani alikuwa amesimama hapo tangu lini.

"Niliipata mwenyewe. Wakati wa baridi, nikiwa na mafua, sikuwa na la kufanya. Niliona maswali yote yale ni kitu kimoja." Alizungumza bila kinyongo, kama mtu anayesimulia ujinga wa utotoni. "Nilitaka nikuonyeshe. Nilikuwa naijaribu kwanza, nione kama inafanya kazi kila mahali. Halafu siku ile ukaliona daftari, ukakasirika, nikajua labda nimekosea pahali. Nikaificha."

"Sikukasirika," alisema Myeong-ran.

"Ulikasirika, Mwalimu. Lakini ulikuwa na haki. Bora ulinipa lile swali. Ningeenda nayo mpaka Novemba nikijiona nina akili." Akainamisha kichwa kwa heshima kabisa. "Ahsante kwa kuniambia mapema."

Jamani. Afadhali angemtukana.

Mama Eun-sol alikuwa ameshanyanyuka kwenda jikoni, maana hata katika msiba mgeni hakai bila kitu mdomoni. Sebuleni walibaki wawili. Bahasha ipo, boksi lipo, na Myeong-ran angeweza kuvichukua, akainama, akaenda zake. Mtoto angesoma mawingu. Angemkumbuka mwalimu wake kwa wema. Hakuna mtu mwingine duniani aliyejua. Alilifikiria jambo hilo, tusimpake rangi, alilifikiria vizuri kwa muda wa kutosha.

"Dirisha la fomu linafungwa lini?" aliuliza.

"Ijumaa ijayo. Kwa nini?"

"Lete karatasi."

"Mwalimu, nimeshaamua."

"Lete karatasi, Eun-sol. Nakuomba."

Hakuwahi kumwambia "nakuomba". Eun-sol alileta karatasi na kalamu, akapiga magoti mbele ya meza ndogo ya sebuleni. Myeong-ran akaandika lile swali bila pistoni, bila joto, bila mapambo. Heli nne. Oksijeni thelathini na mbili. Wastani kumi na moja.

"Ifanye kwa bembea."

"Inatoka tatu kwa moja. Si ndiyo ile ya uongo?"

"Tatu kwa moja ya nini?"

"Ya..." Mtoto akasita. "Ya chembe."

"Swali lilitaka nini?"

Eun-sol hakuwa na karatasi ile, lakini vichwa vya namna ile havisahau. Myeong-ran aliona midomo yake ikirudia mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ikafika wa nne, ikasimama.

"Gramu," alisema Eun-sol.

Akaichukua kalamu. Tatu mara nne, kumi na mbili. Moja mara thelathini na mbili, thelathini na mbili. Tatu kwa nane. Aliiandika, akaipigia mstari, akaitazama, akapumua kama mtu aliyetua ndoo.

"Si ya uongo," alisema. "Mwalimu, si ya uongo! Inahitaji mstari mmoja tu!"

"Mmoja tu."

"Wewe umejua lini? Umekuja kuligundua wiki hii?"

Hapa pia palikuwa na mlango wa kutokea, tena mtoto mwenyewe ndiye aliyeufungua, na Myeong-ran aliuona.

"Hapana," alisema. "Nilijua kabla sijalitunga. Nililitunga kwa sababu nilijua."

Eun-sol hakuelewa mara moja. Aliitazama karatasi, akamtazama mwalimu, akarudi kwenye karatasi, na Myeong-ran akaona linavyoingia, hatua kwa hatua, jinsi alivyomwona akielewa mambo kwa miaka miwili. Alikuwa amezoea kuusubiri uso ule. Leo alitamani kuukimbia.

"Nilidhani una mtu mwingine," alisema. "Nikamwonea wivu. Nilitaka uwe wangu peke yangu."

"Sikuwa na mtu mwingine."

"Najua sasa."

"Nililia wiki mbili, Mwalimu. Nilidhani nina kasoro kichwani."

Eun-sol alikunja ile karatasi mara mbili, akaitia mfukoni mwa kaptura. Akasimama. Alikuwa mrefu kuliko Myeong-ran, sijui tangu lini.

"Kesho nitakwenda kubadilisha fomu," alisema. "Nitarudi kemia."

Moyo wa Myeong-ran uliruka, hata haya haukuona. Tayari alikuwa anahesabu: Septemba wiki nne, Oktoba wiki tano, Novemba mbili. Akafungua mdomo kusema Alhamisi atakuja mapema.

"Na Alhamisi, Mwalimu," alisema Eun-sol, na akainama, chini kabisa, kuliko alivyowahi kuinama, "naomba usije. Nitajisomea mwenyewe."

Jikoni kisu kilikuwa kinagonga ubao. "Mwalimu!" aliita Mama Eun-sol kwa furaha, maana alikuwa amelisikia neno "kemia" na hakusikia lililofuata. "Usiondoke, nakuja!"

Lakini Myeong-ran alikuwa ameshafika mlangoni, anatafuta kiatu chake cha kulia.